Picha za CT za wanyama: jinsi ya kuzipanga, kuzitunza na kuzituma ukiwa Nairobi

Mbwa akishashushwa kwenye meza ya CT, mashine ya eksirei inayopiga mwili kipande kwa kipande, na kuanza kuzinduka kutoka kwenye nusu kaputi, wengi wetu huona kazi imekwisha. Kwa upande wa picha, kazi ndiyo kwanza inaanza. Wataalamu wa radiolojia ya wanyama hapa kwetu ni wachache, kwa hiyo uchunguzi mara nyingi husomwa na mtu ambaye hakuwepo chumbani: mwalimu wa udaktari wa mifugo aliye Kabete, daktari wa Karen au Thika aliyemtuma mgonjwa, au mtaalamu aliyeko Uingereza au Marekani. Huyo hamwoni mbwa wala hamgusi. Alicho nacho ni kile ulichomtumia tu. Ukimtumia picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, mwenye mbwa amelipia CT na mtaalamu amepokea kitu kisichozidi eksirei kwa mbali.

Nimeufuata mwongozo huu kama kazi yenyewe inavyokwenda, tangu kuandika jina hadi ripoti kurudi. Nitakaa zaidi mahali ambapo picha nzuri huharibikia.

Kwanza, jua kilichomo ndani ya faili

Picha za CT hutoka katika muundo wa DICOM, ambao umekuwa ukitumika kwa jina hilo tangu 1993. Kila kipande ni faili moja, na faili hilo lina mambo mawili. Juu kuna maelezo: nani, lini, alilalaje, unene wa kipande ni milimita ngapi. Chini yake kuna picha, kwa kawaida nukta 512 kwa 512. Kila nukta huchukua baiti mbili, hivyo kipande kimoja ni takriban nusu MB. Kifua cha Rottweiler chenye urefu wa sentimita 30, kikikatwa kila milimita 0.6, ni vipande 500, yaani MB 250. Ongeza mfululizo wa mapafu, wa tishu laini, kisha urudie yote baada ya dawa ya kontrasti (ile inayochomwa mshipani ili tishu zionekane zaidi), utakuta umefika GB 1 bila kujua.

Namba iliyo ndani ya kila nukta ndiyo mali yenyewe. Ni kipimo cha Hounsfield: maji ni 0, hewa ni −1000, mafuta ni karibu −100, na mfupa mgumu hupita 1000. Faili hubeba maelfu ya ngazi za kijivu. Picha ya kawaida ya JPEG hubeba 256 tu. Kwa hiyo programu hukuonyesha sehemu ya ngazi hizo kwa wakati mmoja, na sehemu hiyo ndiyo huitwa dirisha.

Chukua mbwa anayetokwa damu puani. Ukifungua dirisha la mfupa, upana 2000 na kitovu 500, unaona vifupa vyembamba vya ndani ya pua, kama vimebaki au vimeliwa upande mmoja. Ukirudi kwenye dirisha la tishu laini, upana 400 na kitovu 40, vifupa vinageuka weupe mtupu, lakini sasa unaweza kuuliza jambo jingine: kile kilichojaa puani kimenyonya dawa ya kontrasti, au ni kamasi tu? Je, kimevuka ukuta mwembamba wa mfupa unaotenga pua na ubongo? Ukishaigeuza picha kuwa JPEG ya dirisha la mfupa, swali hilo la pili halina jibu tena. Namba zimepotea na hakuna programu itakayozirudisha.

Hatua ya 1: Andika utambulisho kabla mnyama hajapanda mezani

Nairobi imejaa mbwa wanaoitwa Simba, Bosco na Tommy. Jina la mnyama peke yake halimtambulishi mtu. Mpe kila mnyama namba ya kliniki ambayo haibadiliki maisha yake yote, na namba hiyo ndiyo iingie kwenye sehemu ya kitambulisho cha mgonjwa. Kwenye sehemu ya jina, desturi inayofaa ni jina la ukoo la mwenye mnyama mbele, kisha jina la mnyama. Muundo wa DICOM una sehemu maalumu za aina ya mnyama, uzao wake, kama amehasiwa, na mtu anayewajibika kwake. Zijaze. Mtaalamu akiona kichwa cha paka ambacho faili linasema ni cha mbwa, ataanza kuyatilia shaka na mengine yote, na ana haki.

Kama mashine unayotumia ni ya kituo cha matibabu ya binadamu, huenda sehemu hizo zisionekane kabisa kwenye kompyuta yao. Hapo ongeza neno MBWA au PAKA kwenye jina lenyewe, ili radiografa wa zamu ya usiku asije akamtafuta mgonjwa wodini. Na usiondoke kituoni bila nakala yako. Diski ya mashine ya CT hujaa, na ikijaa uchunguzi wa zamani hufutwa kupisha mpya.

Makosa ya jina yarekebishwe pale pale, kwenye kompyuta ya mashine, kabla picha hazijasambaa. Kubadilisha jina la faili au la folda hakubadilishi chochote ndani yake. Ukifungua faili la "Simba_sahihi" maandishi ya ndani bado yatasema Bosco.

Hatua ya 2: Hakikisha kulia ni kulia

Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linaloweza kumfikisha mgonjwa kwenye upasuaji wa upande usio wake. Mashine nyingi zimeandaliwa kwa ajili ya mtu aliyelala chali, kichwa kikitangulia. Sisi mbwa tunamlaza kifudifudi mara nyingi, na pengine miguu ikatangulia kwa sababu ya mirija ya ganzi. Mashine haioni mnyama. Huandika L na R kulingana na mlalo uliouchagua kwenye skrini. Ukimlaza kifudifudi na skrini ikabaki chali, herufi zinageuka na hakuna kengele itakayolia.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, mtu mmoja asome kwa sauti mlalo ulioandikwa kwenye skrini, na mwingine aliye karibu na meza amtazame mnyama na kuthibitisha. Kisha bandika kwa plasta kifuniko cha plastiki cha sindano kwenye mto, upande wa kulia wa mnyama, ndani ya eneo linalopigwa. Kitaonekana kwenye picha na hakitarusha mistari kama chuma. Picha zikitoka, linganisha na mwili: ncha ya moyo huelekea kushoto, sehemu pana ya tumbo la chakula iko kushoto, figo la kulia limekaa mbele kuliko la kushoto. Kwenye mguu au kiwiko hakuna kiungo cha ndani cha kukusaidia, kwa hiyo kifuniko kile ndicho shahidi wako pekee.

Hatua ya 3: Tengeneza mifululizo yote wakati data ghafi bado ipo

Mashine huhifadhi data ghafi, yaani vipimo vya awali ambavyo picha hutengenezwa kwavyo, kwa muda mfupi tu, kisha hufuta ili kupata nafasi. Ikishafutwa huwezi tena kutengeneza vipande vyembamba vya mfupa kutoka kwenye uchunguzi uliohifadhi kwa unene wa milimita 5. Kabla mwenye mnyama hajaondoka, hakikisha una mfululizo mwembamba wa mchujo wa mfupa (hesabu ya mashine inayonolea mfupa) na mwembamba wa tishu laini, kabla na baada ya dawa ya kontrasti ikiwa ilitumika. Kifua kiwe na mchujo wa mapafu pia. Vipande vyembamba ndivyo humwezesha msomaji kukata picha upya kwa upande wowote anaotaka, na kwenye uti wa mgongo wa Dachshund aliyepooza miguu ya nyuma hicho ndicho anachokihitaji.

Upe kila mfululizo jina linaloeleweka: "Kifua, mapafu, mm 1, kabla ya dawa" ni bora kuliko "Series 7".

Hatua ya 4: Peleka kwenye seva ya kliniki

Kompyuta ya mashine si ghala. Unahitaji seva, yaani kompyuta ya kupokea na kuhifadhi picha, hata kama kliniki ni ndogo. Orthanc, iliyoanzia Liège huko Ubelgiji, ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, na hukaa vizuri kwenye kompyuta ya kawaida yenye diski kubwa. Ukishaisakinisha, hupokea picha kupitia mlango wa 4242 na hufunguliwa kwenye kivinjari kupitia mlango wa 8042, isipokuwa umebadilisha.

Ili mashine na seva ziongee, kila upande unahitaji kujua mambo matatu ya mwenzake: anwani ya IP, namba ya mlango, na jina la kituo ambalo skrini huliita AE Title. Jina hilo lisizidi herufi 16, na ni vizuri kuliandika kwa herufi kubwa bila nafasi, kwa sababu herufi moja ikikosewa mashine hukataa bila maelezo ya maana. Ipe seva anwani ya IP isiyobadilika. Ruta ikizimika na kuwaka tena baada ya stima kupotea, inaweza kugawa anwani upya, na asubuhi utakuta picha haziendi ilhali hakuna mtu aliyegusa kitu. Kisha bonyeza kitufe cha kujaribu mawasiliano kwenye kompyuta ya mashine. Jibu likija salama, tuma uchunguzi mmoja mdogo.

Baada ya kutuma, hesabu. Kama mashine inasema vipande 1,124, seva nayo iseme 1,124. Ikisema 1,090, usifute chochote. Tuma tena uchunguzi wote. Picha zilizokwishafika hazitajirudia, kwa sababu kila moja ina namba yake ya kipekee ndani ya faili.

Seva na kompyuta ya mashine zikae kwenye UPS, betri inayoshika stima ikipotea. Si lazima iwe kubwa ya kuendesha kliniki nzima, inatosha ikupe dakika za kumaliza kutuma na kuzima kwa utaratibu.

Kitu kimoja ambacho naomba usikifanye kabisa: kufungua milango hiyo ya seva moja kwa moja kwenye intaneti ili uweze kutazama ukiwa nyumbani. Mwaka 2019 kampuni ya Greenbone Networks ya Ujerumani ilionyesha kwamba mamia ya seva za picha za tiba duniani zilikuwa wazi kwa yeyote. Ukitaka kuingia kutoka nje, pita kwenye VPN (njia ya siri ndani ya intaneti), badilisha nenosiri lililokuja na programu, na mpe kila mtumishi akaunti yake.

Hatua ya 5: Chagua programu ya kutazamia

Hapa sina mengi. Kwenye Mac, Horos ni ya bure na inatosha kwa kazi nyingi. OsiriX ndiyo iliyoitangulia. Kwenye Windows, RadiAnt ni nyepesi na ya haraka lakini leseni yake ni ya kulipia. Weasis ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. 3D Slicer ni ya mtu anayetaka kutengeneza umbo la mfupa kwa ajili ya kupanga upasuaji, na hiyo inahitaji muda wa kujifunza. Chagua moja, wafundishe wote, na muafikiane upana na kitovu cha madirisha mtakayotumia.

Hatua ya 6: Tuma kwa mtaalamu

Pima kwanza kasi ya kupakia. Watu hutazama kasi ya kupakua, ambayo ndiyo huandikwa kwenye matangazo. Kwa Mbps 10 za kupakia, GB 1 huchukua takriban dakika 14. Kwa Mbps 2, zaidi ya saa nzima, na mtandao ukikatika katikati unaanza upya. Programu nyingi zinaweza kubana faili bila kupoteza chochote, kwa JPEG 2000 ya aina isiyopoteza, na ukubwa mara nyingi hupungua karibu nusu. Aina inayopoteza iepuke.

Kama mtaalamu ana mfumo wake wa kupokelea, tumia huo, kwani ndio humpunguzia kazi. Kama hana, toa uchunguzi wote kwenye seva kama faili moja la zip, weka nenosiri, upakie kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha tuma kiungo kwa barua pepe na nenosiri kwa njia nyingine. Kiambatisho cha Gmail hakizidi MB 25, kwa hiyo barua pepe peke yake haitoshi. Akaunti ya bure ya Google hutoa GB 15 kwa jumla, pamoja na barua zako. Kliniki inayopiga CT kila siku itaijaza upesi.

WhatsApp ina nafasi yake, na nafasi hiyo ni kwa mwenye mnyama. Picha inayotumwa huko hubanwa na namba zake hupotea. Mtumie mwenye mbwa picha mbili zenye mshale, na maneno ya kueleweka: "Habari za jioni, Mama. Picha za Simba zimeshafika kwa mtaalamu. Hizi mbili ni za kukuonyesha tu uvimbe ulipo. Majibu kamili yakifika nitakupigia mwenyewe." Akitaka nakala kamili, na ni haki yake, mpe flashi iliyo na picha za DICOM pamoja na programu ndogo ya kuzifungulia.

Panga saa pia. Saa mbili asubuhi kwetu, London ni alfajiri. California ndio kwanza wanaelekea kulala, siku ya jana. Kwa kesi ya dharura ya pwani ya magharibi ya Marekani, kutuma saa moja jioni hukutanisha picha zako na asubuhi yao.

Hatua ya 7: Andika historia, na useme mnyama anaishi wapi

Hii ndiyo sehemu inayoandikwa kwa mstari mmoja na watu waliochoka, na ndiyo inayobadilisha usomaji kuliko programu yoyote. Tazama mfano:

"Rottweiler dume, hajahasiwa, miaka 6, kilo 42. Amezaliwa na kukulia Kiambu. Wiki tatu anarudisha chakula muda mfupi baada ya kula, amekonda. Eksirei: uvimbe nyuma ya moyo. Dawa ya minyoo ya mwisho haijulikani. Maswali: uvimbe uko ndani ya ukuta wa umio au nje yake? Ukuta wa aota ukoje? Pingili za kifua zina mfupa mpya kwa chini? Mapafu yana vivimbe?"

Daktari yeyote wa hapa akisoma hivyo anafikiria Spirocerca lupi, mnyoo ambao mbwa humpata akila mbawakawa wa kinyesi au mnyama mdogo aliyewala. Hupita kwenye ukuta wa aota, mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, hadi kwenye umio, yaani mrija wa chakula, hujenga uvimbe, na uvimbe huo unaweza kugeuka saratani. Mtaalamu aliyezoea mbwa wa London hana sababu ya kuuweka juu ya orodha yake, isipokuwa umemwambia mbwa huyu ametoka wapi. Ndivyo ilivyo pia kwa uvimbe wa puani. Mbwa wetu hupata uvimbe unaoambukizwa kwa kujamiiana, na kwa kunusana na kulambana huweza kuota puani. Huo mara nyingi hutibika kwa dawa ya saratani iitwayo vincristine. Mwenye mbwa akiambiwa ni saratani ya kawaida ya pua, anaweza kuamua mbwa alazwe milele, na uamuzi huo haurudi.

Ukipeleka nje andika kwa Kiingereza, lakini mpangilio uwe huohuo: mnyama, anakoishi, tatizo, muda, yaliyokwishafanyika, maswali. Taja dawa ya kontrasti, kiasi chake, na dakika ngapi zilipita kabla ya kupiga.

Hatua ya 8: Linda jina la mwenye mnyama

Mbwa hana haki chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini jina, simu na makazi ya mwenyewe ni data binafsi, na sheria hiyo ina masharti kuhusu kuipeleka nje ya nchi. Pata idhini kwa maandishi kwenye fomu ileile ya nusu kaputi: kwamba picha zitasomwa na mtaalamu wa nje, na kama zinaweza kutumika kufundishia.

Kwa kufundishia, tumia amri ya programu ya kuondoa utambulisho, si kufuta jina kwa mkono. Jina linajificha mahali pengi: mtu anayewajibika, sehemu ya maoni ambako mtu aliandika namba ya simu, namba ya chipu. Angalia pia ukurasa wa ripoti ya kipimo cha mionzi na picha za skrini zilizohifadhiwa ndani ya uchunguzi. Huko jina limechorwa ndani ya picha yenyewe na amri ya kuondoa maelezo hailigusi. Ondoa kurasa hizo kabisa.

Hatua ya 9: Weka nakala za akiba, kisha zijaribu

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Diski ya nje inayolala kwenye droo chini ya seva haitasaidia siku ya moto au ya wezi. Diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva moja nazo si akiba. Ukifuta uchunguzi, unafutika kote. Kila mwezi chagua uchunguzi wa zamani, urudishe kutoka kwenye akiba hadi kompyuta nyingine, uufungue na uhesabu vipande.

Hatua ya 10: Ripoti ikirudi

Ihifadhi kama PDF ndani ya uchunguzi uleule kwenye seva, isibaki kwenye barua pepe ya daktari mmoja ambaye kesho anaweza kuhama. Linganisha namba ya kliniki iliyo kwenye ripoti na ya uchunguzi, na upande uliotajwa na upande unaouona wewe. Kama havilingani, mpigie mtaalamu kabla hujampigia mwenye mnyama. Funga kiungo ulichofungua, na ufute faili la zip kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Mtaalamu akiomba uchunguzi wa marudio, mwandikishe mnyama kwa namba yake ileile, mlaze vilevile, na utumie unene, mchujo na muda wa dawa uleule. Hapo programu itaweka picha za mwanzo na za sasa bega kwa bega, zisogee pamoja kipande kwa kipande, na uvimbe upimwe mahali palepale.